Macho ya Mama kwenye Simu

Kazi yangu ni kuangalia macho. Watu wakisikia kwamba mimi ni mkaguzi wa nyama huko Embu, hufikiri nashinda na muhuri nikigonga mapaja ya ng'ombe. Muhuri ninao, ni kweli, lakini kazi yenyewe huanza kabla ya kisu. Asubuhi, mnyama akiwa bado amesimama zizini anangoja zamu yake, namshika pua, navuta kope chini, natazama. Kope ikiwa na wekundu wa kiasi, apite. Ikiwa nyeupe, kuna minyoo au kupe wamemmaliza. Ikiwa ya njano, anawekwa kando, na mwenye ng'ombe anaanza kunichukia hapo hapo. Nimechukiwa na watu wengi kwa sababu ya njano. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa aina gani aliyedanganywa.

Mama yangu aliishi Kibirichia, kwenye baridi ya viazi, katika boma moja na kaka yangu na mkewe. Alikuwa amefundisha shule ya msingi kule Kaaga kwa miaka mingi, na alipostaafu, hakustaafu kweli, alibadilisha darasa tu. Alifungua blogu kwenye jukwaa moja la bure na kuanza kufundisha viazi: lini kupanda, mbegu ihifadhiwe vipi isichipue mapema, matuta yainuliwe kiasi gani mvua ikizidi. Aliandika Kiswahili cha ubaoni, nukta mahali pake na herufi kubwa mahali pake. Walimsoma wakulima wa Buuri yote, na watu wa Meru waliotawanyika mbali na nyumbani, na wengi waliokuwa wanafunzi wake. Wote walimwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri.

Kisha akaugua. Njia ya nyongo iliziba, akageuka njano mwili mzima, tukamkimbiza hospitali mjini Meru. Walimwekea kimrija kidogo cha plastiki ili nyongo ipate kupita, akarudi rangi yake, akarudi na ukali wake pia. Siku ya kuruhusiwa daktari alituita pembeni, mimi na kaka yangu. Alisema kimrija kile huweza kuziba tena wakati wowote. "Kikiziba, mtaona kwenye macho kabla hajasikia maumivu makubwa. Mkiona njano, mlete siku hiyo hiyo. Mkichelewa, ini halitawasubiri." Aliposema mkiona, alinitazama mimi, maana nilikuwa nimeshamwambia kazi yangu.

Sasa nitaonaje nikiwa Embu? Kwetu ugonjwa hausemwi kwa simu. Simu ni ya mvua, ng'ombe na watoto, na jibu la kila swali ni tuko salama. Habari ya mwili wa mtu hupewa yule aliyekuja kwa miguu yake akaketi, akapewa chai, akamaliza. Baba yetu alilazwa, akapona, akarudi nyumbani, na mimi shuleni sikuambiwa neno mpaka nilipofunga muhula. Nikimpigia Mama na kumuuliza anaendeleaje, aliniambia viazi vinaendelea vizuri. Nikimbana zaidi, alikumbuka kwamba ana kitu jikoni kinaungua.

Kwa hiyo tulipatana. Sitamuuliza tena kuhusu afya, lakini kila asubuhi, mwisho wa makala yake, ataweka picha ya uso wake. Aipige nje kwenye mwanga, bila kofia, macho yatazame simu. Alikubali kwa shingo upande. "Mimi nilikuwa mwalimu, si wale wasichana wa matangazo," alisema. Lakini aliona nafuu, kwa sababu picha ilimwondolea maswali. Wasomaji waliipenda wakadhani ni salamu yao. Hakuna aliyejua kwamba picha ile ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Basi kila asubuhi simu ililia nikiwa machinjioni. Nilifuta mikono kwenye aproni, nikafungua, nikaipita habari ya viazi mbio mbio, nikafika usoni na kuyakuza macho mpaka yakajaa kioo. Njano? Hakuna. Nikarudi kwa ng'ombe. Palikuwa na mzee mmoja Mwislamu mwenye bucha mjini, mtu wa utani, ambaye alikuwa ananiona kila siku nikifanya hivyo.

"Daktari, leo mama amepita?" aliniuliza.

"Amepita, mzee."

"Gonga muhuri basi, tuendelee na kazi."

Tulicheka. Nilicheka kila siku.

Ndipo jukwaa lile likatoa programu mpya ya simu. Mama aliipokea jinsi alivyokuwa akipokea mbegu mpya: aliijaribu, akaisifu, akaiandikia makala nzima. Alieleza kwamba sasa anaweza kuandika akiwa katikati ya shamba pasipo mtandao, na maneno yanajihifadhi, kisha yanapanda yenyewe akifika mlimani penye mtandao. Anaweza kupanga leo makala itoke kesho. Anaweza kuongea na simu ikaandika, ingawa Kimeru haikielewi na ikijaribu inaaibisha wakubwa. Anaona ramani ya wasomaji wake, na kumbe kuna mtu anayemsoma katika nchi ya barafu ambaye hajulikani ni nani. Mwisho kabisa aliandika kwamba hata picha sasa zinapendeza zenyewe, huhitaji kufanya chochote. Niliusoma mstari huo na kuupita kama nilivyokuwa nikiipita mistari ya mbolea.

Baadaye alinieleza ilivyokuwa. Programu ilimuuliza kwa adabu kama angependa picha zake zipendeze zaidi bila kazi ya ziada. Chini yake palikuwa na neno Sawa, kubwa, la kijani, na chini zaidi, kwa herufi hafifu, Sio sasa. Akabonyeza Sawa. Mama alikuwa akibonyeza Sawa kila mahali. Maisha yake yote alifundisha watoto kwamba mtu akikuuliza kwa heshima unamjibu kwa heshima, na kumfukuza aliyekuja kubisha hodi bila hata kumsikiliza kulikuwa ni ukosefu wa malezi. Mimi hubonyeza hapana kabla sijasoma swali. Laiti ningekuwa nimemrithisha yeye tabia yangu mbaya.

Picha zikapendeza kweli. Anga juu ya mlima likawa la buluu hata siku ambazo kaka yangu alisema kuna ukungu wa kukata kwa panga. Sweta ya Mama iliyokuwa imepauka ikarudia wekundu wake. Wasomaji wakaanza kumsifu, mmoja akaandika kwamba Mwalimu anazidi kuwa msichana, na Mama akamjibu kwamba siri ni viazi. Nami nilifurahi, sitasema uongo. Niliona mashavu yamejaa, nikajiambia kwamba anakula vizuri.

Kitu kimoja tu kilinikera, na sikujua ni nini mpaka siku moja nilipotazama nyuma yake badala ya kumtazama yeye. Ukuta wa jikoni, ule wa mbao uliokuwa mweusi kwa moshi tangu nikiwa mtoto, ulikuwa safi. Nilimpigia kaka yangu kumuuliza kama amepaka rangi.

"Rangi ya wapi?" akacheka. "Mimi nikipata pesa ya rangi si nitanunua dawa ya ng'ombe kwanza."

Tukaanza kuongea habari za ng'ombe, na ukuta ukaishia hapo. Lakini kwa siku kadhaa baada ya hapo nilifungua picha nikiwa na wasiwasi mdogo, wasiwasi usio na jina, wa mtu aliyeingia nyumbani akaona kiti hakiko mahali pake na hakumbuki kama ni yeye aliyekisogeza.

Kwa kawaida nilikuwa nikienda nyumbani kila mwisho wa mwezi. Msimu huo sikwenda. Mwenzangu kazini alikwenda kujifungua, hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake, na machinjio bila mkaguzi hufungwa. Nilibaki peke yangu nikikagua, nikigonga, nikigombana. Sikuona hatari kubwa, kwa sababu Mama nilikuwa namwona kila asubuhi.

Makala zake zilianza kuwa fupi. Aliandika kwamba amejikuna kutwa nzima, na kuwaonya wakulima kwamba dawa za kunyunyizia viazi ni kali, wavae mikono mirefu. Siku nyingine aliandika kwamba jua la mchana siku hizi linamlaza kwenye kiti kama paka. Siku nyingine aliwakumbusha wasomaji kunywa maji, kwa kuwa yeye ameona mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Mwalimu alikuwa hivyo, hakuona haya kutaja kitu kama kitafundisha. Nilisoma yote hayo, na kila mara nilishtuka kidogo, kisha nikashuka chini kwenye uso, nikakuza macho. Meupe. Nikatulia. Ndivyo nilivyofundishwa: mnyama anaweza kulegea kwa njaa au kwa safari, lakini jicho halimfichi mtu.

Halafu ikaja asubuhi ya jani. Mama aliandika kwamba ana habari mbaya, bilaiti imeingia shamba la chini, ule ugonjwa unaoozesha viazi wakati wa baridi na mvua. Akaweka picha ya jani moja na kuandika: Tazameni madoa haya meusi na jinsi ukingo wake ulivyofifia. Ukiona hivi kwako, nyunyiza dawa leo, usingoje. Nilitazama picha. Jani lilikuwa pana, la kijani kibichi, halina doa hata moja.

Chini yake wasomaji walikuwa wameanza kuuliza. "Mwalimu mbona hii jani iko poa, madoa iko wapi?" Mwingine akadhani ameweka picha ya zamani kwa bahati mbaya. Na mmoja aliyejitambulisha kuwa mkulima karibu na Mikinduri aliandika: "Nimelinganisha na zangu naona zinafanana na hii yako ata zangu ziko na weusi kidogo lakini ni sawa tu. Asante Mwalimu, sasa sina wasiwasi."

Nilicheka kwanza. Nikajiambia Mama amechanganya picha, uzee umeingia. Nikampigia mke wa kaka yangu amwambie arekebishe kabla watu hawajapotea.

"Hapana dada, hiyo ni ya leo," alisema. "Mimi mwenyewe ndio nilikuwa nimeshika hiyo jani akipiga. Ilikuwa imeoza kabisa, nyeusi tititi."

"Lakini hapa ni kijani."

"Si ni hiyo simu yake. Siku hizi inatoa kila kitu kikiwa kisafi. Hata mimi juzi alinipiga nikajiona sina kovu."

Mke wa kaka yangu ana kovu la uji moto, kutoka sikioni mpaka kwenye kidevu. Alilipata akiwa mtoto. Nilikuwa nimesimama kati ya mizoga iliyoning'inia, simu sikioni.

"Macho ya Mama yakoje?"

Nilisikia kuku nyuma yake.

"Si hata wewe unaonanga kila siku kwa blogu," alisema.

"Nakuuliza wewe. Wewe uko hapo."

"Mimi nimemzoea, dada. Na jikoni ni giza, na ule moshi. Nikiwaza waza, naangalia kwa blogu naona ako sawa." Kisha akasema polepole, "Dada, wewe kuja."

Nilifungua picha ya asubuhi ile na kuyakuza macho. Sasa niliyatazama kama ninavyopaswa kuyatazama. Yalikuwa meupe kama sahani mpya. Hayakuwa na mshipa hata mmoja. Huyu ni mwanamke aliyepika kwa kuni tangu utotoni, aliyesahihisha madaftari kwa mwanga wa koroboi, anayeamka kwenye upepo wa mlima. Hakuna kiumbe hai mwenye jicho la namna ile. Ng'ombe akiletwa na jicho kama hilo ningeita watu waje waone. Na mimi nililipitisha kila asubuhi, na kucheka.

Yule mzee wa bucha aliona uso wangu. Hakutania. Nilimwambia siwezi kukagua tena leo, nyama yao italala. Alijibu, "Nenda kwa mama. Nyama ni nyama tu."

Nilifika Kibirichia alasiri. Mlima haukuonekana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ua, na kutoka shamba la chini ilikuja ile harufu ya viazi vinavyooza vikiwa bado ardhini, harufu nzito, tamu kwa ubaya, ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jikoni akichambua maharagwe. Aliinua uso aone nani amefungua lango.

Njano yake ilikuwa ile ya mafuta ya ng'ombe mzee. Macho, paji la uso, hata viganja. Mashavu hayakuwepo. Sweta niliyokuwa nikiiona ikimkaa vizuri ilikuwa imebanwa kwa pini nyuma ili isimvuke mabegani. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na bado nilisimama pale langoni kama mtu aliyekosea boma.

"Mwari," aliniita, kama anavyoniita siku zote, binti. "Umekuja bila kusema? Ng'ombe za watu umeachia nani?"

Ningemkumbatia. Badala yake nilimkasirikia, kwa maana hofu ikinishika mimi hutoka ikiwa hasira.

"Kwa nini hukusema, Mama? Tulipatana. Kwa nini ulinificha?"

"Nikufiche nini?"

"Macho yako."

Akagusa uso wake. "Macho yangu yana nini?"

Nilidhani ananichezea. Kisha nikaona hachezi. Aliweka ungo chini, akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa simu, akaifuta kwa leso na kunionyesha picha ya asubuhi. Alinionyesha kwa subira, kama ananionyesha hesabu niliyokosea.

"Mimi ndiye mtu wa kwanza kuangalia, kabla yako," alisema. "Kila siku. Nilijiambia, siku nitaona njano, hiyo siku nampigia mwari, hata kama ni kwa simu. Hata leo nimeangalia."

"Na mwili? Hukusikia mwili?"

"Nilisikia." Alitazama maharagwe. "Usiku nilikuwa najikuna mpaka natoka damu. Chakula kilikataa. Nilikuwa naogopa, nikiogopa naenda naangalia hapa, naona niko sawa, najiambia ni uzee, wacha kusumbua watoto."

Nyumba ya Mama ina kioo kimoja, chumbani, mahali ambapo dirisha ni dogo kama kitabu. Hutumika kwa kuchana nywele. Kwa macho alikuwa na simu.

Nilichukua simu ile na kutafuta mahali pa kuzima. Walikuwa wamepaficha vizuri, ndani ya ukurasa ulio ndani ya ukurasa. Nilipopapata, nilikuta pia maelezo mafupi kwamba picha za awali hufutwa ili kuokoa nafasi kwenye simu. Yaani tangu siku ile ya Sawa hakukuwa na picha hata moja ya kweli ya Mama, popote. Nilizima. Nikampiga picha pale pale kwenye kigoda, nikampa aone.

Aliitazama muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya kioo mara mbili kana kwamba kuna kitu kimemwagika. Kisha akanirudishia simu, akasema, "Haya, twende," na akaingia ndani kuvaa viatu vya kanisani.

Daktari alikuwa yule yule. Aliuliza macho yalianza kubadilika lini. Nilimtazama kaka yangu, kaka yangu akamtazama mkewe. Watu wa boma moja, na mimi niliyemtazama kila asubuhi ya Mungu, hatukuweza kumwambia daktari hata mwezi. Walibadilisha kimrija, wakampa dawa za kuua usaha uliokuwa umeenea. Siku iliyofuata daktari alituita pembeni tena. Hakutugombeza, na ningependa angetugombeza. Alisema ini limechoka sana, na kwamba tuwe karibu naye.

Kitandani, kitu kilichomsumbua Mama hakikuwa ini. Alikuwa akimwaza yule mkulima wa upande wa Mikinduri aliyelinganisha majani yake na lile jani safi akaondoka bila wasiwasi. "Nimemfundisha uongo," alirudia. Aliniambia niandike, yeye atasema. Nikaandika kama alivyosema: Picha zangu tangu programu mpya si za kweli. Jani lile lilikuwa limejaa madoa, na ninyi mliolinganisha nalo, nendeni shambani leo. Mimi pia nilikuwa na njano na haikuonekana. Aminini macho yenu. Akaniagiza nimpige picha hapo kitandani na kuiweka bila kuigusa.

Programu iliniuliza tena kama ningependa picha ipendeze. Nilibonyeza Sio sasa. Hapakuwa na neno Hapana. Picha ikapanda kama ilivyo: shuka la hospitali, mifupa ya uso, na macho yale ya njano yakitazama moja kwa moja.

Majibu yalikuja haraka. Wengi walisema pole, tunakuombea Mwalimu. Lakini wengine, na hawakuwa wachache, walikuwa na shida nyingine. "Mwalimu hii picha rangi imeharibika." "Camera yako imeingia maji, peleka kwa fundi." "Tumia ile kitu mpya ya kurekebisha, hii inatisha." Mkulima yule wa Mikinduri hakuandika chochote, na sikujua kama aliwahi kusoma.

Kisha mwanafunzi wake mmoja wa zamani, mtu mzima anayefanya kazi mbali, akatuma picha ile ile akiwa ameisafisha mwenyewe. Macho meupe, mashavu yamejaa, ngozi inang'aa. Hata ukuta wa hospitali nyuma yake ulikuwa na rangi ya kupendeza. Aliandika: Nimekurekebishia, Mwalimu. Sasa uko sawa.

Hasira ilinipanda. Nilianza kumwandikia maneno ambayo Mama asingependa yaonekane kwenye blogu yake, na yeye akaona ninavyobonyeza.

"Ni nini? Hebu nione."

Sikutaka kumpa. Akanyoosha mkono wake wa njano na kuingojea simu, nikampa. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaileta karibu, akaitazama. Nilingoja akasirike. Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la haya, kama mtu anayepewa sifa mbele ya watu.

"Huyu nilimfundisha," alisema. "Alikuwa na mwandiko mbaya lakini roho nzuri." Akaendelea kuitazama. "Hii ndiyo mtaweka."

Sikuuliza itawekwa wapi. Nilitamani kumkatalia. Nilitamani kumwambia kwamba picha hii ndiyo iliyomfikisha kwenye kitanda hiki, lakini alikuwa anajitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu nifike, nikasema, "Sawa, Mama."

Tukaiweka. Siku ya mazishi ilisimama kwenye fremu mbele ya jeneza, uani Kibirichia, na watu walipanga foleni wakapita. Wengi walisimama hapo muda mrefu kuliko walivyosimama kwenye jeneza. Mwanamke mmoja ambaye sikumfahamu, mmoja wa wasomaji wake, alinishika mkono akitikisa kichwa. "Na vile alikuwa mzima," alisema. "Si ata juzi tulimuona kwa blogu, macho safi kabisa." Walio nyuma yake wakakubali, wakasema hata wao walimwona. Nilitazama picha, nikawatazama wao. Nikasema ndiyo, alikuwa mzima, nikawaonyesha mahali pa kuketi.